Cleopas Onen, Aliyeamriwa Kumzika Sajini

Baba Padri, wazee wetu wa ukoo wa Ochan, wakwe zetu wa ukoo wa Sebit mliotoka Bombo, majirani wa Kisugu na nyote mliofika, mimi ni Akot, dada wa marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nitasoma vizuri lakini sitarudia, kwa sababu kila mmoja wetu anajua kwamba lazima awe ndani ya nyumba yake kabla ya giza. Kabla sijaanza nasahihisha jambo moja, tangazo lililosomwa redioni jana lilimwita marehemu mchekeshaji, hakuwa mchekeshaji, hakuwahi kusimama mbele ya kamera hata mara moja, alikuwa mwandishi na mtayarishaji wa michezo ya kuchekesha ya televisheni, na tofauti ya kazi hizo aliieleza miaka yote kwa watu wale wale bila kufanikiwa.

Cleopas Onen alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Mei 1936, katika hospitali ya misheni Nsambya, akiwa mtoto wa kwanza wa Sajini Erinayo Ochan wa polisi, mwenyeji wa Kitgum, na mama yetu Akwero, aliyetutoka mwaka 1967. Wako wanaosema alizaliwa 1937, cheti cha ubatizo kiko nyumbani na kinasema 1936. Tulilelewa katika kambi ya polisi hapo Nsambya, nyumba ya pili kutoka mwisho katika safu ya chini, chumba kimoja na pazia, na humo baba aliendesha kila kitu kwa amri za gwaride, tuliamka kwa filimbi, tulijipanga mstari kunawa uso, kuku walihesabiwa asubuhi na jioni, na kuku aliyechelewa aliulizwa mbele ya wenzake alikuwa wapi. Baba hakufanya hivyo ili kuchekesha, ndivyo alivyojua nyumba inavyoendeshwa, lakini mama alijibu kila amri kwa kuendelea na kazi aliyokuwa nayo mkononi, kama hakuna aliyesema kitu, na kaka yangu, akiwa bado mdogo sana, alikuwa akikaa pembeni akiwatazama wote wawili kwa zamu.

Alisoma shule ya msingi ya misheni Nsambya kuanzia 1943 hadi 1950, kisha akapelekwa sekondari ya wamisionari huko Gulu, 1951 hadi 1954, ambako katika mwaka wa tatu aliandika mchezo mfupi kuhusu mpishi wa shule, akachapwa viboko na mkuu wa bweni, na jioni ile ile mpishi mwenyewe akamwongezea maharage. Alimaliza kwa cheti kizuri, si cha kwanza, na mwezi Januari 1955 akaajiriwa kuwa karani wa reli hapa Kampala, kazi aliyoifanya miaka tisa bila lawama na bila furaha.

Tarehe 15 Desemba 1962, katika ofisi ya mkuu wa wilaya, alifunga ndoa na Zubaida binti Sebit, ofisi ile ilichaguliwa kwa sababu padri hakukubali na shekhe hakukubali, siku hiyo familia mbili zilikaa kwenye mikeka mbalimbali chini ya turubai moja, na kufikia jioni zilikuwa zinakula kutoka sinia moja, ingawa baba alisisitiza wakwe wapange mstari kwanza. Mungu aliwajalia watoto watatu, Aloyo aliyezaliwa 1963, Amito 1966 na Ochan 1970, wote mnawaona hapa mbele pamoja na mama yao.

Mwezi Machi 1964 aliacha reli akaingia televisheni ya serikali, si kama mwandishi, bali kama mtunza ghala la mapazia, viti na nguo za waigizaji, na kwa kuwa waigizaji walikuwa wakija ghalani kulalamika kwamba maneno waliyopewa hayasemeki, alianza kuwarekebishia, sentensi hii leo, ile kesho, hadi siku moja mkuu wake akatambua kwamba mchezo mzima ulikuwa umeandikwa ghalani. Alipelekwa Nairobi kwa mafunzo ya utayarishaji mwaka 1966, na Jumamosi tarehe 5 Oktoba 1968 ukaonyeshwa kwa mara ya kwanza mchezo wake mwenyewe, wa Kiswahili, jina lake Nyumba ya Pili kutoka Mwisho.

Sina haja ya kuwaeleza wengi wenu mchezo ule, lakini wako watoto hapa, kwa hiyo naeleza. Ulihusu sajini mstaafu wa polisi aliyeamrisha nyumba yake kama kikosi, mke wake ambaye hakutii amri hata moja, na kuku. Sajini aliigizwa na Sulaimani Sebit, shemeji wa marehemu, ndugu wa Zubaida, kondakta wa basi la Bombo ambaye hakuwahi kusomea uigizaji, na mfano wake, kila mtu alijua, alikuwa baba yetu, ambaye mwanzoni alikataa kuuangalia, kisha akawa anauangalia akiwa amesimama, akipiga kelele kwamba saluti ile si sawa, kiwiko kiko chini. Miaka miwili na zaidi mchezo ule ulichekesha watu bila kumdhuru mtu, na narudia, bila kumdhuru mtu, kwa sababu baadaye ilisemwa vingine.

Mwezi Januari 1971 jeshi lilichukua serikali, na mchezo ambao marehemu hakuwa ameubadilisha hata nukta ukageuka, bila yeye kufanya lolote, kuwa mchezo wa mwanajeshi anayeamrisha kuku. Mwezi Machi aliletwa pale kituoni luteni mmoja, jina lake familia imeona isilitaje, kazi yake kusoma maandishi yote kabla hayajaigizwa, na luteni huyo hakuwa mtu mbaya kwa tabia, alikuwa mtu mwenye hofu, na alikuwa na njia yake moja tu ya kupima, akisoma mahali akacheka, mahali hapo hukatwa. Marehemu alipomuuliza kosa liko wapi, alijibiwa hivi, na kaka yangu aliniigizia jibu lile mara nyingi, "Kosa mimi sijui. Mimi nimecheka. Kesho mkubwa yangu atacheka, halafu atauliza nani amemchekesha, na kwa nini. Toa."

Marehemu alieleza kwamba sajini yule ni baba yake mzazi, hakuaminiwa, na hapo alifanya kosa ambalo mtoto wa baba mwingine asingelifanya, alimchukua baba mwenyewe, akiwa amevaa sare yake ya zamani iliyopigwa pasi na medali zake za vita, akampeleka kituoni ili aonekane kwa macho. Luteni alimtazama akamwuliza, "Wewe ndiyo sajini ya televisheni?" Baba akajibu, "Mimi ni sajini ya polisi, televisheni ndiyo imenifuata nyumbani. Na wewe funga kifungo, unaongea na mtu aliyekutangulia." Luteni akafunga kifungo, kisha akacheka hadi akashika meza, na alipomaliza kucheka akafuta macho akasema, "Sasa mmeona? Sare itoke."

Sare ikatoka. Mwezi wa saba 1971 ikatoka saluti, mwaka 1972 kikatoka cheo, mtu yule akawa anaitwa Mzee tu, na mwanzoni mwa 1973, sukari na sabuni zilipoanza kupotea madukani, ikatoka ile sehemu ambayo mke wangu, nisameheni, kwetu ndivyo dada anavyomwita mke wa kaka yake, anaipenda kuliko zote, ambapo Mzee anaita majina ya vitu vya nyumbani kama askari kwenye mstari, anaita "Chumvi!" mkewe anajibu yupo afande, anaita "Kiberiti!" anajibu yupo, anaita "Sukari!" kimya, anaita "Sabuni!" kimya, na Mzee anageuka kwa uchungu kabisa na kusema, "Watoro hao." Sehemu ile haikuonyeshwa kamwe. Luteni alicheka alipoisoma, akaomba aisome tena, akacheka tena, akaikata.

Marehemu hakuwa mtu wa kupigana, alikuwa mtu wa kutafuta njia, na njia aliyoipata ni kuandika maneno machache zaidi na zaidi, hadi kwenye karatasi hapakuwa na cha kuchekesha, paliandikwa tu Mzee anatoka nje, Mzee anamtazama kuku, kuku anamtazama Mzee, luteni anasoma hayo uso umekauka na kutia sahihi, kisha Jumamosi Sulaimani anatoka nje, anamtazama yule kuku, na nchi nzima inaanguka chini kwa kucheka. Ilikuwa kazi ya ustadi, wenzake wa kituoni waliopo hapa wanajua, lakini aliichukia, aliniambia, "Akot, mimi ni mwandishi, sasa kazi yangu ni kufuta kabla hawajafuta." Watu wanaomsifu kwa michezo ile ya kimya nawaomba wajue kwamba hakuipenda.

Na haikusaidia, kwa sababu cheo kikitolewa kwenye karatasi hakitoki kwenye vichwa vya watu. Jumanne tarehe 6 Agosti 1974, Sulaimani alipita sokoni Kamwokya kununua nyanya, wachuuzi wakamwona, mmoja akasimama wima akapiga saluti, wa pili akafuata, na kufumba na kufumbua upande mzima wa mboga ulikuwa umejipanga mstari ukipiga kelele, "Afande Sajini! Tukague, ssebo, bwana mkubwa!" Sulaimani alikuwa na akili zake, lakini alikuwa pia kondakta, hakuweza kuona watu wamejipanga akawapita hivi hivi, akatembea mbele ya mstari, akasimama mbele ya kabichi moja, akaitazama, akasema, "Wewe, kichwa juu." Alichukuliwa kabla hajatoka sokoni, na wanaume waliokuja kwa gari lisilo na namba.

Zubaida alizunguka kambi zote akiwa na chakula cha kaka yake, akarudi nacho kila mara, na marehemu alikwenda kwa luteni, ambaye safari hiyo hakucheka, aliondoka, akarudi baada ya siku kadhaa na neno kutoka juu, kwamba kondakta atatoka iwapo sajini atakufa. Si Sulaimani, sajini wa mchezo, afe, azikwe mbele ya watu kwenye televisheni, ili asiwepo tena mtu wa kupigiwa saluti sokoni. Marehemu aliandika kwa usiku mmoja. Aliandika maziko ya kawaida, jeneza, jirani anayesoma historia ya marehemu, amezaliwa wapi, amefanya kazi wapi, ameacha nani, mke aliyekaa kimya kwa mara ya kwanza, na hakuweka kichekesho hata kimoja, na karatasi zile zilipita kwa luteni bila kukatwa neno, ndiyo maandishi pekee ya kaka yangu, kuanzia 1971, yaliyopita hivyo. Yalionyeshwa Jumamosi tarehe 24 Agosti 1974. Sulaimani aliachiliwa Jumatatu iliyofuata, akiwa hai, vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki hadi leo, na hakuigiza tena, na hakuna aliyemwomba.

Sasa nafika kwenye jambo lililomsumbua marehemu kuliko hayo yote. Kwa kuwa Kampala nzima ilijua sajini ni nani, Jumapili asubuhi watu walianza kufika nyumbani kwa baba, Nsambya, kuleta rambirambi. Walileta ndizi, walileta kuku, wanawake wa Kamwokya walikuja na ngoma na kilio, mmoja akaingia akilia, "Bambi, maskini Sajini wetu!" akamkuta baba mlangoni akinyoa ndevu. Baba aliwakaribisha kwa heshima, akawaambia, "Mimi sikufa. Kunyweni chai, halafu mtawanyike kwa utaratibu," lakini walizidi kuja wiki nzima, wengine hawakuamini hata walipomwona, mzee mmoja wa reli aliomba amguse, na ofisi ya pensheni, ambayo ilikuwa imesikia habari hiyo hiyo, ikamtaka aende kuthibitisha kwamba anaishi. Baba alikwenda, kwa sare. Aliporudi alimwita marehemu, akamsimamisha, nami nilikuwepo, akamwambia, "Umeniua mbele ya watu na hukuniuliza. Najua kwa nini, na mtoto wa watu amerudi, sawa. Lakini umeniua mbele ya watu, utanirudisha mbele ya watu. Hiyo ni amri." Marehemu alisema, "Ndiyo, afande," na tangu siku hiyo kazi yake ilikuwa hiyo moja.

Alijaribu miaka mitano. Mwaka 1975 aliandika kwamba sajini alikuwa na ndugu pacha anayerudi kutoka Kongo, luteni alicheka, ikakatwa. Mwaka 1976 aliandika kwamba mke anamwota, akajibiwa kwamba ndoto hazina kibali. Aliandika kwamba jeneza lilikuwa tupu, akaitwa ofisini na kuulizwa anataka kusema majeneza gani mengine ni matupu, na alirudi nyumbani siku hiyo hakula. Walimtoa kwenye michezo, wakamweka kwenye vipindi vya kilimo, miaka miwili mtu yule aliandika kuhusu mbolea ya pamba, na bado kila mwezi alipeleka ukurasa mmoja au kurasa mbili za sajini, zikarudi zimekatwa, au hazikurudi.

Mwaka 1977 aliona njia nyingine, aliomba wasitengeneze kipya, warudie tu vile vya zamani, sajini akiwa hai, na mkuu mpya wa vipindi alikubali kwa mdomo. Marehemu alikwenda maktaba ya kanda akiwa amefurahi, alinipitia njiani kuniambia, na huko alikuta kanda zote zipo, zimepangwa vizuri, zikiwa na majina ya mchezo kwa mwandiko wake mwenyewe, na ndani yake yako magwaride. Kanda mpya hazikuwa zinaingia nchini kwa kukosa fedha za kigeni, kila sherehe ilihitaji kurekodiwa, na mafundi walirekodi juu ya kile kilichokuwa karibu. Hakuna aliyekusudia kumkomoa, alilisema hilo mwenyewe, na ndiyo sababu hakuwa na wa kumgombeza. Kila kanda ilifutwa, hata ile ya maziko. Narudia kwa ajili ya wale wanaoniuliza tangu jana kama familia ina picha za mchezo, familia haina, hakuna mwenye nazo, hazipo.

Mwezi Novemba 1978 alianza kuumwa tumbo, vidonda, daktari alimwambia aache kahawa na aache kuwaza, akaacha kahawa. Serikali ile ilipoanguka mwezi Aprili mwaka huu alikuwa amekonda sana, lakini kabla mwezi haujaisha alivaa koti akatembea kwa miguu kutoka hapa Kisugu hadi kituoni, akiwa na mchezo aliouita Sajini Anarudi, akakuta lenzi za kamera zimeibwa, nyaya zimeng'olewa ukutani, na ofisini yuko kijana mpole ambaye hatukumjua, aliyemkaribisha, akamheshimu, akausoma mchezo wote, akacheka kwa sauti, na kumwambia, "Mzee, ni nzuri sana. Lakini wakati huu tusiwafanyie mzaha watu wa sare, wametukomboa juzi tu. Ngoja kidogo." Kaka yangu alirudi, akakaa pale kwenye kiti chake, akamwambia mkewe, "Huyu naye amecheka."

Tarehe 21 Mei 1979 alitapika damu, akapelekwa hospitali ya Nsambya, kilima kile kile alikozaliwa, madaktari na masista walifanya kila walichoweza katika mji ambao dawa hazikuwepo popote, walio na damu ya aina yake walitoa, Sulaimani alitoa mara mbili, na Alhamisi tarehe 7 Juni 1979, saa tano asubuhi, alifariki, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Tungependa kumpeleka Kitgum, petroli haipo na njia haijulikani, atalala hapa nyuma ya nyumba, mpaka tutakapoweza.

Familia inawashukuru madaktari na masista wa Nsambya, Baba Padri na mashekhe waliokaa pamoja leo bila sisi kuwaomba, majirani wa Kisugu waliotoa maji, mkaa na viti, wenzake wa televisheni waliotembea kwa miguu, wanawake wa soko la Kamwokya ambao wamekuja tena na ngoma, na safari hii ni kweli. Hatumshukuru aliyekata.

Kwa kawaida hapa msomaji hukaa. Lakini kaka yangu ameacha kazi moja haijaisha, studio hakuna, kamera hakuna, kanda hakuna, ila watu mpo, na amri ilisema mbele ya watu. Kwa hiyo, kwa niaba ya Cleopas Onen, mwandishi na mtayarishaji, natangaza mbele yenu wote kwamba Sajini hakufa. Ni huyu hapa mstari wa mbele, ana miaka sabini na moja, na sare aliyovaa ameipiga pasi mwenyewe. Baba, tafadhali simama wakuone. Anayetaka kupiga saluti apige, na anayetaka kucheka acheke, wala asizibe mdomo, mwenye nyumba hii angekasirika.

Onen, mtoto wa Akwero, amri imetekelezwa. Lala sasa kwa amani.